Hatua Tisa kutoka Msumarini

Zaïtoun Mroivili alikuwa amekaa nyuma ya meza ya duka lake la vitambaa pale Mahabibo, mjini Mahajanga, mguu wa kushoto umefungwa plasta mpaka gotini na kulazwa juu ya kreti la soda. Inspekta Youssoufa alisimama, maana kiti cha pili hakikuwapo. Barabara ya siku mbili kutoka kisiwa cha Nosy Be ilikuwa bado imo magotini mwake.

"Nimeshaeleza kwa simu," Zaïtoun alisema. "Mara tatu."

"Kwenye simu sikuoni uso, dada yangu. Nieleze mara ya nne, kisha nitaondoka."

Zaïtoun alikunja kitambaa kilichokuwa kimeshakunjwa. Alizungumza Kimalagasi cha mjini, cha haraka. Walipofika kwenye jambo la baba yake alirudi kwenye Kikomoro cha nyumbani, na hapo mwendo wake ulipungua.

"Kila siku nawapigia saa kumi na moja kasoro. Siku ile ilikuwa kasoro dakika nane. Akapokea Mama."

"Si Soulé?"

"Kwa kawaida Soulé ndiye anayebonyeza. Siku ile Mama. Akaniambia Baba ameshikwa na kifua, anatoka jasho, hakai wala halali. Nikamwambia, Mama, nipe Baba nimsikie. Halafu simu ikafa."

"Ilikufa vipi? Ilikatika mara moja?"

Zaïtoun alifikiri. "Ilipasukapasuka kwanza, ikawa maneno nusunusu. Kisha kimya."

Youssoufa aliandika *ilipasukapasuka* na kupiga mstari chini yake. Hakujua bado mstari ule ni wa nini. Miaka ishirini na tisa ya kazi ilikuwa imemfundisha kuandika kwanza na kuelewa baadaye, na mara nyingi kutoelewa kabisa.

"Endelea."

"Nikampigia daktari wa Andoany. Mtu mwema, akatoa gari papo hapo likasubiri njia panda ya Ambondrona, kwa kuwa juu kule gari halipandi. Kilichobaki ni mimi kuwaambia nyumbani wambebe Baba mpaka njia panda. Mwendo wa dakika ishirini, hata kwa kitanda." Alimsukumia simu yake juu ya meza. "Soma mwenyewe."

Youssoufa alisoma. Baada ya ile simu moja iliyopokelewa, zilifuata saba kwenda nambari ile ile, ya mwisho saa kumi na mbili kamili. Hakuna iliyofika.

"Gari likakaa saa nzima, likarudi tupu," Zaïtoun alisema. "Saa kumi na mbili na dakika ishirini Soulé ndiye akanipigia. Baba amefariki, akasema. Nikamuuliza nani aliyezima simu. Akasema, mimi."

"Kwa nini aizime?"

"Baba alikuwa amekubali kuja kuishi hapa kwangu. Shamba lile angemrudishia mwenye ardhi. Soulé amelelewa pale tangu ana miaka minne, wazazi wangu walimchukua wakamfanya mwanao. Sasa ana arobaini, hana pengine pa kwenda. Alijua Baba akihama, naye kwisha." Alimtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Daktari alisema angefika, angepona. Usinisahaulishe hilo, Inspekta. Angepona."

Alilia bila kujificha, na Youssoufa akasimama pale pale mpaka alipomaliza. Soulé alikuwa mahabusu tangu siku ile, na alikuwa amekiri. Jumatatu saa mbili asubuhi angepandishwa boti, apelekwe bara kushtakiwa kwa kumwacha mzee afe hali msaada ulikuwa mlangoni. Faili lilikuwa limekamilika, ila mwendesha mashtaka alitaka maelezo ya mlalamikaji yenye sahihi, na mlalamikaji hakuweza kutembea. Ndiyo maana inspekta aliyebakiza miezi kumi na minne astaafu alitumwa kuvuka nusu ya kaskazini ya nchi kutafuta sahihi moja.

Aliipata. Akapanda gari la kurudi jioni ile ile.

Jumapili asubuhi aliteremka botini Andoany, mji wa Nosy Be, akaenda moja kwa moja kituoni bila kupitia kwake kuoga. Soulé aliletwa. Alikuwa mtu mrefu mwenye mikono iliyochubuliwa na kuni. Kazi yake ilikuwa kutunza moto kwenye mtambo wa kupikia mafuta ya langilangi, na harufu ya maua yale ilikuwa bado haijamtoka, hata baada ya siku kumi na moja za mahabusu. Chumba kizima kilinukia harusi.

"Niliizima mimi," alisema kabla hajaulizwa. "Andika."

"Imeshaandikwa. Uliizima saa ngapi?"

"Saa kumi na moja kasoro."

"Ukiwa wapi?"

"Nyumbani."

"Kwa nini?"

"Betri ilikuwa inakwisha."

"Aliyekuwa anazungumza nayo nani?"

Soulé alitazama ukuta. "Mama."

"Ukamnyang'anya mama yako simu mkononi, mume wake anakata roho, ili usimalize betri."

"Andika hivyo hivyo."

"Mkononi, nimesema. Alikuwa ameishika mkononi?"

Hapo Soulé alichelewa. Si sana, kiasi cha mtu kumeza mate. "Hapana. Simu yetu haishikwi. Iko msumarini. Mnara uko mbali na kilima kiko mbele yetu. Mimi na Baba tulizunguka na ile simu wiki nzima, uani, juu ya paa, kisimani, tumeinyanyua juu tukaonekana wendawazimu. Mtandao ukapatikana mahali pamoja tu, kwenye mwimo wa mlango wa jikoni, urefu wa kichwa changu. Tukapiga msumari, tukatundika kikapu cha ukili, simu ikakaa humo. Ikilia unabonyeza, unaweka spika, unapiga kelele. Hakuna anayeitoa."

"Na ukiitoa?"

"Hakuna anayeitoa," Soulé alirudia. Kisha akainama mbele. "Inspekta. Wewe ni mtu wa kwetu. Mama yuko edani. Usiende kumsumbua. Mimi nimeshakiri, mambo yamekwisha."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini huyu alikuwa ameikata yeye mwenyewe na kukaa mwishoni akisubiri kukamatwa. Youssoufa alikuwa amewaona wengi waliokana waliyoyafanya. Waliokiri wasiyoyafanya walikuwa wachache, na hao ndio waliomchosha zaidi, kwa sababu hakuweza kuwakasirikia.

Alifungua faili, akatafuta maelezo ya mjane. Hayakuwapo. Mwenzake aliyelifungua aliandika kwa mwandiko mzuri kwamba mke wa marehemu yumo edani, haonani na wanaume wasio maharimu, na kwa heshima hakuhojiwa. Jirani naye hakuhojiwa. Mtu akishakiri, nani anapanda kilima kwenda kuuliza jirani?

Alichukua simu ya marehemu kutoka kabati la vielelezo. Ilikuwa ya bei rahisi, ya vitufe, mgongo umefungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Aliiwasha. Simu iliyopokelewa: moja, saa kumi na moja kasoro dakika nane, sekunde hamsini na tatu. Kisha hakuna kitu mpaka ile aliyopiga Soulé. Hizo saba hazikuacha hata alama. Hilo halikusaidia. Simu iliyozimwa na simu iliyokosa mtandao zote mbili hazioni zinapopigiwa.

Aliitia mfukoni, akajiandikia kibali mwenyewe, akaenda.

Gari la kukodi lilimfikisha njia panda ya Ambondrona, mahali lile gari la daktari liliposubiri. Kutoka hapo alipanda kwa miguu, bahari ikibaki nyuma, kati ya milangilangi iliyokatwa mifupi na kupindwa ili wachumaji waifikie. Alipumzika mara tatu. Alijiuliza ni mtu gani anajenga huku, na jibu alikuwa nalo, maana familia yake mwenyewe ilikuwa na majibu kama hayo. Mzee Mroivili alitoka Mahabibo mwishoni mwa mwaka wa sabini na sita, wakati watu wa asili ya Komoro walipowindwa mitaani Mahajanga. Alimchukua mkewe mjamzito, akatafuta mahali ambapo hakuna mtu angemfikia kwa bahati. Alipapata, akakaa zaidi ya miaka thelathini. Ilipofika zamu ya kutaka kufikiwa, ilibidi atafute msumari.

Nyumba ya kwanza njiani ilikuwa ya jirani. Mwanamke wa makamo alikuwa uani akianika maharage, akajitambulisha kuwa ni Bahia. Alifanya kazi mtamboni na Soulé, akipima maua yanayoletwa na wachumaji.

"Mbola tsara," Youssoufa alimsalimu kwa Kimalagasi cha kwao. "Siku aliyofariki mzee, Soulé aliondoka mtamboni saa ngapi?"

"Aliondoka na mimi. Jua linazama."

"Hakutoka kidogo? Saa kumi na moja hivi?"

Bahia alimtazama kwa huruma, ile wanayopewa watu wa mjini. "Maua yakishatiwa kwenye mtambo yanapikwa usiku na mchana. Moto ukipungua mafuta yanaharibika. Mtunza moto hata haja anaaga. Alikuwa mbele yangu tangu adhuhuri."

"Kwa nini hukusema?"

"Nani aliyeniuliza?"

Youssoufa aliandika hilo pia.

"Mkaondoka pamoja. Kisha?"

"Tukafika hapa, mbele ya nyumba yao. Simu yao ikaadhini. Mzee aliitega iadhini magharibi, kila siku tunaisikia kutoka jikoni. Tena ndiyo saa yetu sisi wote." Bahia aliacha maharage. "Siku ile sauti ilitoka chumbani, dirisha la upande huu. Soulé akasimama. Akasema, kwa nini inaadhini chumbani? Hakusubiri nimjibu. Alikimbia mpaka kiatu kimoja kikabaki njiani."

Youssoufa alikaa kwenye kinu kilichopinduliwa. Alitoa simu, akaitega ilie baada ya dakika mbili, kisha akaizima. Bahia alimwangalia bila kuuliza. Simu nyingine huita saa iliyotegwa hata zikiwa zimezimwa, na hakutaka kwenda mbele ya mwendesha mashtaka akaaibishwa na simu ya bei rahisi. Dakika mbili zikapita, kisha tatu, kisha tano. Haikulia.

Kwa hiyo siku ile saa ya magharibi simu ilikuwa ikiwaka. Hakuna aliyeizima. Ilikuwa chumbani kwa mzee, si msumarini, na Soulé alikuwa hajafika nyumbani. Ndani ya nyumba walikuwamo watu wawili tu, na mmoja wao alikuwa kitandani.

Furaha ya kazi, ambayo zamani ingemjia wakati kama huu, haikuja. Alitamani ashuke kilima na kumwacha kila mtu alipo. Lakini boti ilikuwa kesho asubuhi.

"Nifuate, tafadhali," alimwambia Bahia. "Nakwenda kwa mtu aliye edani, sitaki kukaa naye peke yangu."

Bi Moinaecha alimpokea kutoka nyuma ya pazia la chumba. Youssoufa alisimama jikoni, kando ya mwimo wa mlango. Msumari ulikuwapo, na kikapu kidogo cha ukili kikining'inia kitupu. Mbao iliyouzunguka ilikuwa imeng'aa kwa miaka ya vichwa kuegemea.

"Mwenyezi Mungu akupe subira, Mama."

"Amina, mwanangu. Umeniletea Soulé?"

"Bado, Mama. Nataka nikuulize jambo moja. Siku ile Zaïtoun alipopiga, ulifanya nini?"

"Nilibonyeza cha kijani. Soulé alinifundisha." Sauti yake ilikuwa kavu, ya mtu aliyekwisha kulia yote. "Nikamwambia baba yako anaumwa. Akasema nimpe baba yake. Nikampelekea."

"Ulimpelekea vipi?"

"Kwa mikono. Najua mahali pake ni hapo, Soulé ametukataza kuitoa, najua. Lakini sauti ilikuwa imeshaingia. Nikaona ikishaingia imo, kama maji ukishayateka. Kisima hukibebi, unabeba ndoo."

Bahia aliinama chini. Youssoufa aliendelea, kwa kuwa akinyamaza sasa hangeweza kuanza tena.

"Alipoishika?"

"Alisema naye. Aliongea kidogo, kisha akatulia akiwa ameishika. Sikutaka kumnyang'anya. Nilimshika huku nyuma, mgongoni, mpaka Soulé akaja. Soulé alimfungua vidole kimoja kimoja."

"Mama, naomba unioneshe. Bahia yupo hapa."

Pazia lilisogea. Alitoka akiwa amejitanda nguo nyeupe mpaka usoni, mfupi kuliko alivyomdhania. Youssoufa aliiwasha simu, akaitia kikapuni. Alama za mtandao zilijaa zote nne. Bi Moinaecha aliitoa kwa mikono miwili, akaelekea chumbani taratibu, na Youssoufa akatembea nyuma yake akihesabu, macho yake yakiwa kwenye kioo kilichoangaza kati ya viganja vya mama yule.

Moja, mbili. Alama zikawa mbili. Tatu, ikabaki moja, ikipepesa. Nne, kwisha. Bi Moinaecha aliendelea mpaka tisa, akasimama penye kitanda.

Sekunde hamsini na tatu. Ilipasukapasuka kwanza.

Bi Moinaecha alipogeuka alimkuta Youssoufa bado anakitazama kile kioo. Mtu aliyelea watoto wawili hasomi barua, anasoma nyuso.

"Ni hatua ngapi mpaka hapa?" aliuliza.

"Tisa, Mama."

"Na sauti inafika ya ngapi?"

Youssoufa alikuwa na uongo wa kutosha kinywani. Soulé alikuwa ametumia mmoja na ukampeleka rumande. "Ya tatu," alisema.

Bi Moinaecha aliketi kitandani. Alikaa na simu ile mapajani kwa muda mrefu, mpaka Bahia akataka kumsogelea, Youssoufa akamzuia kwa mkono.

"Soulé anajua?"

"Alijua aliposikia adhana chumbani. Aliona bora Zaïtoun amchukie yeye."

"Basi mtoto wangu mmoja amefungwa, na mwingine anamlaani ndugu yake," alisema mama yule, "na mimi nimekaa nyuma ya pazia."

Alisimama. Alizihesabu hatua kurudi, kwa sauti, mpaka penye mwimo. Akaitia simu kikapuni mwenyewe. "Nibonyezee Zaïtoun."

Youssoufa alibonyeza, akaweka spika. Iliita mara mbili.

"Nani?" Sauti ya Zaïtoun ilijaa jikoni kote, safi kabisa. "Nani anapiga kwa simu ya Baba?"

"Mimi mama yako." Alipaza sauti, kama wote wapazavyo pale. "Siku ile ulisema nikupe Baba."

"Ndiyo, Mama."

"Nilikupa. Nilikutoa msumarini nikakupeleka kwake kitandani. Soulé hakuwapo. Alikuwa motoni kwake mpaka magharibi, Bahia shahidi. Hakuna aliyezima simu. Niliitoa mimi."

Youssoufa alichungulia kama laini imekatika. Haikukatika. Sekunde zilikuwa zikienda, na alama zote nne zilikuwapo.

"Mimi ndiye niliyesema, nipe Baba," Zaïtoun alisema mwishowe, kwa sauti ndogo.

"Ulisema, ndiyo. Mtoto gani asingesema?"

"Aliishika?"

"Aliishika mpaka mwisho."

"Alisema nini, Mama?"

Bi Moinaecha aliegemeza kichwa kwenye ile mbao iliyong'aa. "Alikuita mara tatu. Hukujibu, akadhani unalia. Akakwambia, usilie, mwanangu, nakusikia."

Kilio cha Zaïtoun kilitoka kikapuni, na mama yake akaweka kiganja juu ya ukili kama mtu anayemshika mtoto utosi. Bahia alikwenda dirishani. Youssoufa alifungua daftari lake, akaandika saa, majina ya waliokuwapo, na hatua tisa, kwa sababu hiyo ndiyo kazi aliyoijua.

"Inspekta yupo hapo?" Zaïtoun aliuliza baada ya muda.

"Nipo."

"Boti ya Soulé ni lini?"

"Kesho saa mbili asubuhi."

"Asipande."

"Hatapanda. Nitakuletea karatasi ya kufuta malalamiko, uitie sahihi."

Alikumbuka barabara, siku mbili kwenda na siku mbili kurudi, na magoti yake yakaitikia. Aliyaacha yaitikie. Alimpisha Bahia, akatoka, akakaa juu ya jiwe la kunolea visu nje ya mlango wa jikoni ili mama na mwanawe wazungumze peke yao. Haikusaidia kitu. Walizungumza mpaka jua likashuka nyuma ya kilima, na kila neno lao lilimfikia.